Ribiti za Bawa la Kushoto

Jumamosi, 8 Machi

Mvua zimeanza na ndege imefika. Muuzaji alipiga simu tukiwa kwenye kifungua kinywa, na kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa na siagi niliiacha simu iseme kwa sauti pale mezani. "Kiti chako cha ndege kimefika," akasema, "njoo ukichukue kabla barabara haijajaa maji." Mtu huyu huziita seti za kuunda ndege "kiti", sijui neno hilo alilitoa wapi, nami nimemzoea. Mke wangu hajamzoea. Aliweka kikombe chini taratibu akaniuliza nasafiri kwenda wapi, na kama kiti ni kimoja au ni viwili.

Niliporudi na sanduku, nikiwa nimelifunga mkanda kwenye gari kama mgonjwa, alilizunguka mara moja akasema tungepanda ndege angalau tungeona mawingu.

Ni ndege ya mizigo ya injini mbili, ya zamani, yenye pua butu kama ya mtu aliyejibandika kwenye kioo. Imepunguzwa mara ishirini na nne. Kupunguzwa ni neno la kujifariji tu: mabawa yakishaungana yatachomoza pande zote mbili za meza ya chakula. Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia, kwa hiyo mikono imezoea vitu vidogo. Vitu vikubwa katika nyumba hii huamuliwa na mke wangu, na hiki kimeingia bila kibali.

Niliichagua kwa ajili ya Baba mkwe. Maisha yake yote ya kazi alikuwa fundi wa mabati ya ndege: anabandua bati lililochoka, anabandika jipya, anapiga ribiti, vile vipingo vifupi vya kushikia mabati. Ndege za aina hii ndizo zilizopita zaidi mikononi mwake. Anaishi nasi tangu mwaka jana, macho yake yalipoanza kuzimika. Sasa huona mwanga wa dirisha na vivuli vya watu, basi. Nilitaka kumpa kitu cha kumfurahisha. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa hesabu na huuliza maswali kwa upole unaotisha, ameniuliza kama nimefikiria kwamba nimemnunulia zawadi ya kutazama mtu asiyeona.

Sikuwa nimefikiria.

Nilimweleza Baba hivyo hivyo, sanduku likiwa mapajani mwangu. Akasema, "Hamna neno." Ndilo jibu lake kwa kila kitu siku hizi.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Nimeosha vipande vyote kwa maji ya sabuni ili vishike rangi vizuri. Nimevianika sebuleni, kwenye kamba ya nguo. Kwa jinsi mke wangu alivyopita chini yake bila kuinua uso, naona nimesamehewa nusu.

Jumatano, 12 Machi

Asubuhi Baba alisema leo ni Alhamisi, tumwashie redio, kipindi chake cha muziki wa zamani kinaanza. Leo ni Jumatano. Mke wangu akasema, "Ndiyo, Baba." Nami nikasema, "Ndiyo, Baba." Tukamwashia. Kulikuwa na mazungumzo marefu kuhusu mbolea ya kuku. Aliyasikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti, kisha akasema hamna neno.

Nimeanza kiwiliwili. Kila upande una sakafu, mbavu na vitundu vya madirisha. Ukivichungulia unajikuta umekaa kimya ukijiuliza nani alikaa hapo, alibeba nini, alitapika au hakutapika.

Ijumaa, 14 Machi

Leo wakati wa chakula Baba ametangaza kwamba mvua zikikatika atahamia kwa mwanawe. Huyo ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, mtu anayebishana mpaka na msoma habari wa redioni. Anakaa ng'ambo ya bonde, na barabara ya kwake haipitiki kipindi hiki. Ndiyo maana ya kungoja. Wameshazungumza kwenye simu. Mizigo ni mfuko mmoja tu, alisema, kama mtu anayetupunguzia wasiwasi.

Mke wangu aliuliza kama tumemkosea. Baba akasema hatujamkosea. Mke wangu akauliza kama chumba kina baridi, kama chakula kinamshinda, kama redio yangu inamsumbua. Kila swali lilipata hamna neno lake. Baadaye nilimkuta mke wangu jikoni, bomba limefunguliwa kwa nguvu na hakuna chombo chini yake. Alisema kwa mdogo wake kuna ngazi na mbwa, na Baba hataviona vyote viwili. Kisha akanigeukia.

"Wewe si unajidai hodari wa kuchunguza? Unaweza kukaa saa nzima unaangalia kiti cha rubani kisichozidi punje ya harage. Basi mchunguze baba yangu. Nataka kujua kwa nini anaondoka, na nataka asiondoke."

Nimeikubali kazi. Sijui inaanzia upande gani. Haikuja na karatasi ya maelekezo.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Injini ya kulia. Mama mmoja amekuja karakana kuulizia meno yake. Nimemwambia kinachoyachelewesha ni mvua, naye, Mungu ambariki, hakuuliza mvua inahusikaje.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeona jambo.

Mchana nilirudi nyumbani kuchukua koleo dogo nililolisahau. Mke wangu alikuwa shuleni. Baba alikuwa amesimama mezani, ameinama kidogo, vidole vyake juu ya bawa la kushoto. Mabawa yamekwisha kuungwa lakini hayajapakwa rangi, na plastiki yake imejaa vidoa vilivyoinuka, vidogo kama chunusi, mstari baada ya mstari. Ndizo ribiti. Vidole vyake vilikuwa vinatembea juu yake polepole, vinasimama, vinarudi, vinaendelea, na midomo yake ilikuwa inachezacheza. Nilisimama mlangoni nachuruzika maji, sitaki kupumua.

Sakafu ikanisaliti. Aliondoa mkono haraka, akasema alikuwa anatafuta chumvi.

Chumvi iko jikoni, na alikuwa amekwisha kula. Nikasema, "Ndiyo, Baba," nikamletea chumvi. Akanishukuru, akaondoka nayo mpaka chumbani kwake.

Nimewaza jioni yote. Fundi mzima wa ndege ameipapasa kazi yangu kisha akajificha. Kuna kitu hakikumpendeza, na kwa heshima ya ukwe hawezi kunitamkia.

Ijumaa, 21 Machi

Nimemweleza Kimya. Kimya ni mwenzangu karakana, naye pia huunda ndege. Tulimpa jina hilo kwa sababu hanyamazi. Jibu alikuwa nalo kabla sijafika kwenye chumvi. Ni hizo ribiti zilizoinuka, akasema. Seti za zamani ndivyo zinavyotengenezwa, na kila anayejiheshimu huzisaga zote kwa msasa, kisha akachoma vitundu vidogo kwa sindano mahali pake. Ukizikuza hizo kwa vipimo vya kweli, kila ribiti itatoshana na bakuli la supu. Umewahi kuona ndege iliyopandwa mabakuli? Mzee wa watu, akasema Kimya, amezipapasa akakuonea huruma.

Ilinichoma, lakini ilieleweka.

Jumapili, 23 Machi

Msasa siku nzima, mvua ikinisindikiza juu ya bati. Bawa la kulia, bawa la kushoto, kisha mgongo wote wa kiwiliwili. Ni kazi tamu. Unapitisha kidole na hakuna kinachokukwama. Vumbi jeupe limetanda hadi kwenye nyusi. Mke wangu amesema nafanana na mtu aliyepigana na gunia la unga likamshinda.

Sasa imekuwa laini kama kipara changu. Vitundu vya sindano nitavichoma baadaye.

Jumatano, 26 Machi

Mvua ilipumzika nusu siku. Baba ameuliza kama nje kumekauka. Nimesema bado, Baba. Nilikuwa nimesimama juani wakati nasema.

Jumamosi, 29 Machi

Leo nataka kuandika yote, kwa sababu sijisikii kulala nayo.

Nilimwita Baba mezani kwa heshima zote. Nilivuta kiti, nikamwambia nimesikia ushauri na nimerekebisha kasoro, sasa apitishe mkono bila wasiwasi. Mke wangu aliacha kusahihisha madaftari akaja kushuhudia.

Baba aliweka mkono wa kulia juu ya bawa. Ukakaa pale pale ulipotua. Kisha ukasogea, ukasimama, ukarudi. Akaleta na wa kushoto. Alitafuta kama mtu aliyeangusha funguo gizani, kwanza polepole, halafu haraka, mpaka vidole vikafika ukingoni na kuning'inia hewani.

"Hili ni bawa la upande gani?" akauliza.

"La kushoto, Baba."

"Zamani lilikuwa linajitaja lenyewe."

Sikuelewa. Mke wangu alielewa kabla yangu. Nilimsikia akivuta pumzi.

Baba alieleza bila kupandisha sauti. Kila mchana tukishaondoka, alisema, alikuwa anakuja kazini. Neno lake ndilo hilo, kazini. Anaanzia shinani, anafuata mshono wa bati la kwanza, anapita juu ya tangi la mafuta ambako ribiti hukaribiana, anafika kwenye kifuniko cha tundu la kupitishia mkono ambako huwa zinazunguka. Mahali pengine alikumbuka bati lililomkata. Mahali pengine alimkumbuka mwenzake. Hakutaka tujue kwa sababu tungemletea mto wa kukalia.

"Wewe umechukua msasa," akasema, "umenizimia taa."

Nilitamka maneno mengi, mengi yake yakiwa ya Kimya. Aliyasikiliza kama alivyosikiliza mbolea ya kuku. Halafu akanipapasa begani, akasema, "Hamna neno, mkwe," akaenda chumbani akigusa ukuta.

Heri angenitukana. Mke wangu alinitazama, akataka kucheka, akashindwa, akarudi kwenye madaftari. Mvua nje ilikuwa inapiga kama imelipwa.

Jumapili, 30 Machi

Nimegonga mlango wa Baba baada ya chai. Nimemwambia nataka kuzirudisha zote, ila nimezifuta na sikumbuki zilikuwa wapi, na bila yeye sitaweza.

Hapo nimesema nusu ya ukweli. Kabla ya kusaga nilikuwa nimepiga picha kila upande kwa simu ili nimwonyeshe Kimya. Picha ninazo, safi kabisa. Lakini nilitaka aje mezani.

Akauliza nitakirudishaje kitu kilichokwisha kuwa vumbi. Nikasema kwa resini ya meno, ule uji unaokauka ukawa mgumu, tone moja moja, kwa ncha ya chombo cha nta. Akauliza tone litakuwa kubwa kiasi gani. Nikamwekea moja kwenye ukucha. Alilisikia kwa kidole cha mkono wa pili.

"Kubwa mno," akasema. "Hilo ni la treni."

Akasimama, akatafuta viatu vyake.

Jumanne, 1 Aprili

Resini niliyonayo kwa wingi ni ya rangi ya fizi, ile ya kutengenezea kaakaa. Kwa hiyo ndege yetu inaota ribiti za waridi. Kimya amekuja kutembea, ameziona, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue jina lake limemfaa.

Jumamosi, 5 Aprili

Tumepata mtindo wetu. Baba anavuta uzi wa kushonea juu ya bawa kwa vidole viwili vya kila mkono, mimi nafuata uzi na matone. Likikauka tone la mwisho anapitisha kidole na kunisomea makosa: hii imelala, hii imemwacha mwenzake, hapa ulikuwa unafikiria chakula. Mara nyingi ni kweli nilikuwa nafikiria chakula.

Na anasema! Mtu aliyekuwa na maneno mawili tangu mwaka jana sasa ananieleza bawa linavyopigwa ribiti. Kazi hiyo ni ya watu wawili wasioonana. Mmoja yuko nje na nyundo ya hewa. Mwingine, mwembamba, ameingia ndani ya bawa na pande la chuma la kukinga. Yeye ndiye alikuwa mwembamba. Kelele haziruhusu kusema, basi wa ndani hujibu kwa kugonga bati. Akigonga moja, piga tena. Akigonga mbili, ni nzuri, twende mbele. Akigonga tatu, imeharibika, itoboe uitoe. Nilimuuliza aligonga tatu mara ngapi. Akasema alikuwa anachukiwa na kila mpiga nyundo, na wote walitaka kufanya kazi naye.

Nimeuliza maswali mengi mpaka chai ikapoa. Kule ndani kulinuka nini? Je, ukipiga chafya? Alicheka hiyo ya chafya.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua nyepesi. Mkia umekamilika. Mama wa meno amekuja tena. Safari hii aliuliza mvua inahusikaje.

Jumapili, 13 Aprili

Kuna tatizo, na ni la safu moja.

Kwenye bawa la kushoto, baada ya injini kuelekea nchani, Baba amevuta uzi mara mbili. Safu mbili sambamba, akasema, karibu karibu. Nimeziweka. Baadaye nikiwa peke yangu nikachungulia picha kwenye simu. Kulikuwa na safu moja. Bawa la kulia nalo, mahali pale pale, safu moja.

Nimemwambia mke wangu. Amesema nimwache. Nikasema ni ajabu lakini, mtu aliyesoma bawa zima kwa kidole, kila mshono, akoseje hapo tu? Na kama hakukosea, je, waliokosea ni waliotengeneza seti? Amesema, "Mume wangu, mwache."

Alhamisi, 17 Aprili

Jua tangu asubuhi. Sijalipenda.

Kimya ana majarida ya zamani ya ndege. Nimeyapitia yote kwenye mapumziko, na katika picha tatu za bawa lile safu ni moja. Sasa siwezi kuacha kuiona ile ya pili. Nikila naiona. Nikisaga meno ya watu naiona.

Jumanne, 22 Aprili

Shemeji amepiga simu. Barabara sasa inapitika, anakuja Jumamosi. Mke wangu amefua nguo za Baba, amezipiga pasi, hata soksi. Nilimwona akilikunja shati moja, analikunjua, analikunja tena.

Nimemkumbusha kwamba bado sijui kwa nini anaondoka. Tumekaa mezani karibu mwezi mzima, Baba na mimi, ameniambia habari za chafya na za nyundo, lakini hilo hajalisema. Nikauliza kama naweza walau kumuuliza kuhusu safu. Mke wangu aliweka pasi wima.

"Umwambie baba yangu amekosea? Wiki anayoondoka? Mtu asiyeona, umwambie hata alichokishika siyo?"

Nikasema sitamwambia.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimemwambia.

Sikukusudia. Ilikuwa mchana, yeye na mimi tu, amefika kwenye zile safu mbili, kidole chake kikazipita kwa raha kabisa, akasema, "Hapa sasa ndipo pamekaa sawa." Na mimi, badala ya kujibu, nikanyamaza. Nilinyamaza kidogo zaidi ya inavyoruhusiwa.

"Kuna nini?" akauliza.

"Hapo safu ni moja, Baba."

Kidole kikasimama.

"Una hakika?"

"Ndiyo, Baba."

"Hiyo 'ndiyo, Baba' ni ya kukubali au ya kukataa? Maana zenu zinafanana."

"Ni ya kukataa. Safu ni moja."

Akavuta kiti akakaa. Aliuliza nimejuaje. Nikamwambia nina picha. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu kabla ya msasa. Alikaa akilipanga hilo kichwani, mpaka likapata mahali pake.

"Kwa hiyo hukuwa umesahau chochote. Ulinitungia kazi."

"Ndiyo, Baba," nikasema. "Hii ni ya kukubali."

Nilingoja hamna neno. Halikuja. Badala yake mabega yake yalianza kutikisika, na ikanichukua muda kujua kwamba anacheka.

Aliniuliza nakumbuka siku ya mbolea ya kuku. Nikasema nakumbuka. Alijua ni Jumatano, akasema. Macho yameondoka, siku za wiki hazijaondoka. Alisema Alhamisi kwa makusudi, akangoja mtu mmoja katika nyumba hii amwambie mzee, umepotea. Hakuna. Akasikiliza mbolea yote akingoja. Wiki nyingine alisema chai ina chumvi, binti yake akaimwaga akapika nyingine, naye alijua ina sukari na ilikuwa nzuri. Aliwahi kusema nje kunanuka moshi. Mimi nilitoka na ndoo.

Nilikumbuka ndoo.

"Nilikwambia habari za kugonga," akasema. "Ukipata mwenzako anayegonga mbili kila ribiti, hata iliyopasuka, hiyo ndege usiipande. Sasa mimi tangu macho yaishe, humu ndani nagongewa mbili tu. Asubuhi mbili, jioni mbili. Mtu anaanza kujiuliza kama bado yupo."

Nikamuuliza kwa shemeji je.

"Yule ananikera. Anabisha hata nikisema najisikia njaa. Lakini nikiwa kwake najua kuna mtu upande wa pili wa bati."

Nilikuwa nimetafuta sababu yake mwezi mzima kwa kumuuliza kila kitu isipokuwa kumkatalia kimoja. Nilitaka kumwomba radhi, nikafungua mdomo, akaniwahi.

"Lakini safu ni mbili."

"Ni moja, Baba."

"Ni mbili. Mimi nimelala ndani ya bawa hilo, wewe umelala wapi?"

"Nimeona picha tatu. Na waliotengeneza seti walipima ndege yenyewe."

"Walipima nini? Walipima iliyotoka kiwandani inang'aa. Sisi zilitujia zimepasuka hapo hapo, zote, injini inalitikisa bati. Tukaongeza safu ya pili."

"Basi hiyo ni ya kwenu. Hii ya kwenye sanduku haijawahi kupasuka."

"Ngoja iruke."

"Haitaruka, Baba, ni ya plastiki!"

Niligundua nimesimama, kidole nimekielekeza kwa mzazi wa mke wangu, na mke wangu amesimama mlangoni na mkoba wake wa shule, ametutazama sisi wote wawili kama watoto waliovunja kioo. Nikashusha kidole. Baba hakuona kidole, lakini alisikia kimetoka wapi.

"Usimtishe mwenzangu," akamwambia binti yake. "Tunazungumza."

Ijumaa, 25 Aprili

Jua kali. Barabara itakuwa kavu kabisa.

Nilimsimulia mke wangu yote. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaenda chumbani kwa baba yake. Sikusikiliza mlangoni, ila nilipita mara kadhaa. Nilimsikia akisema, kwa sauti yake ya darasani, kwamba chai ile haikuwa na chumvi na haikuwa halali kumfanya mtu amwage chai nzuri. Na kwamba kama ni kubishana, amsubiri, anayo mengi aliyoyaweka akiba tangu yuko shule ya msingi. Akatoka macho mekundu, anatabasamu. Lakini mfuko uko tayari, na Baba hakusema kwamba haendi. Ameshatoa neno kwa mwanawe.

Tumebishana asubuhi na jioni. Amenikataza kabisa kugusa safu ya pili. Nimemwambia hii ni ndege yangu. Amesema aliambiwa ni zawadi yake. Hapo amenipata.

Jumamosi, 26 Aprili

Shemeji amefika asubuhi na vumbi kwenye magurudumu na ubishi mdomoni: tangu langoni alikuwa ananieleza kwamba njia niliyomwelekeza ni ndefu. Mfuko ulikuwa mlangoni. Mke wangu alikuwa amesimama karibu nao, kama anauaga.

Baba alikuwa mezani, koti limefungwa vifungo vyote, kiganja amekiweka juu ya safu mbili. Mimi nilikuwa upande wa pili na kipande cha msasa. Nilikuwa nimemwambia kwamba akishaondoka nitaisaga ile ya pili, kwa sababu ukweli ni ukweli na ndege za aina hii zilitoka na safu moja.

"Zilizopita mikononi mwangu zilikuwa na mbili," akasema.

"Hii haikupita mikononi mwako, Baba."

Akapitisha kidole kwenye safu, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila haraka.

"Sasa imepita."

Pale nilichoweza ni kusema kwamba hilo halibadilishi kilichotoka kiwandani, naye akasema kiwanda hakikai na ndege, na nikasema mbona basi bawa la kulia tumeliachia moja, akasema ndiyo, hilo nalo ni kosa lake, tuliongezee leo.

Shemeji aliangalia saa. Akasema, "Baba, tutachelewa." Akasema mara ya pili. Kisha, kwa kuwa yeye ni yeye, akainama juu ya bawa akaanza kueleza kwamba sote wawili tumekosea.

"Wewe hujui kitu, nenda nyumbani," Baba akamwambia. "Nitakupigia simu. Siwezi kuondoka leo, huyu atadhani ameshinda."

"Nimeshinda," nikasema.

"Umeona?"

Mke wangu aliuchukua mfuko mlangoni, akapita nao katikati yetu kuurudisha chumbani, na bila kusimama akatuomba tupunguze sauti, majirani wamelala.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilimwambia hakuna jirani aliyelala. Baba akasema wapo.